Siku Dobi Alipomwambia Fundi

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha pasi, Dobi alivuta pazia la chumba cha nyuma. Alijitoboa kidole, akapima sukari kwenye damu. Kisha alijichoma sindano ya insulini tumboni, akala, ndipo akafungua duka. Mama huyu alikuwa amezoea. Binti yake alijua. Nesi wa zahanati alijua. Mwingine hakuna.

Kwenye kibanda cha jirani alikaa Fundi Viatu. Alikuwa amefiwa na mke, na watoto wake walikwisha kuoa na kuolewa. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini kwa Dobi maneno yalimtoka.

"Jirani," aliuliza siku moja, "hiyo pasi yako inanyoosha nguo tu, au na roho za watu?"

"Lete ya kwako nijaribu," Dobi akajibu.

Wakacheka. Kuanzia siku hiyo wakawa wanakunywa chai pamoja. Fundi aliileta kwenye chupa, tayari ina sukari. Dobi alishika kikombe, akangoja Fundi ageuke, akaimwaga.

Alikusudia kumwambia. Siku moja alikwisha kufungua kinywa, lakini Fundi akamtangulia.

"Mama watoto alichukuliwa na sukari," alisema. "Walimkata mguu, haikusaidia. Ugonjwa ule sitaki hata kuusikia ukitajwa."

Dobi akainua kikombe, akajifanya anakunywa.

Baadaye Fundi akatamka neno la ndoa. "Sisi ni watu wazima. Tunangoja nini?"

"Nipe muda," Dobi alisema. Akarudi kwenye meza yake. Machozi yalidondoka juu ya shati la mteja, naye akayapiga pasi.

Nesi alipokuja kuchukua sare zake, alimkuta na macho mekundu.

"Umemwambia Fundi?" aliuliza.

"Nitamwambiaje, nesi? Alishamzika mmoja. Nimwambie ajiandae kumzika wa pili?"

"Nani kakwambia unakufa? Lakini sikiliza, mama. Ukichelewa kula baada ya sindano, sukari inashuka. Unatetemeka, jasho linakutoka, unaongea ovyo. Yeye yuko hapo, hajui kama unatumia dawa. Atadhani umechoka, akuache ulale. Hapo ndipo utampa msiba wa pili."

"Na akinikimbia?"

Nesi alikunja sare zake taratibu. "Huenda akakimbia. Sitakudanganya. Lakini ni heri aondoke anajua, kuliko akae hajui."

Kesho yake Fundi alipommiminia chai, Dobi aliweka kikombe chini.

"Chai yako huwa siinywi," alisema. "Huwa naimwaga. Nina sukari, Fundi. Najichoma sindano kila siku."

Fundi alikuwa ameshika uzi kwa meno. Akautoa mdomoni.

"Tangu lini?"

"Kabla hatujajuana."

"Na ukanyamaza."

"Niliogopa. Kwa sababu ya marehemu."

Fundi hakupiga kelele. Alikusanya vifaa vyake, akafunga kibanda mchana kweupe, akaenda zake.

Kibanda kilikaa kimefungwa. Wateja walimuuliza Dobi jirani yake yuko wapi. Alisema hajui, na kweli hakujua.

"Mama, si ungenyamaza tu," binti yake alisema.

"Ninyamaze mpaka lini, mwanangu? Nimechoka kujificha kama mwizi."

Hamu ya chakula hakuwa nayo, lakini alijilazimisha kula. Sindano hakuiacha.

Wiki ilipopita, Fundi alisimama mbele ya duka. Alikuwa amekonda. Hakutoa hata salamu.

"Viatu vile nilimshonea mimi," alisema.

"Viatu gani?"

"Vya marehemu. Vilimbana kidole, vikamchubua. Hakusikia maumivu. Mimi nami sikuangalia. Tulipokuja kuona, mguu umeshaoza. Nilimuua kwa mikono hii."

Dobi alizima pasi, akatoka nje, akaishika ile mikono. Akasema, "Twende kwa nesi."

Huko zahanati, Nesi alimsikiliza Fundi mpaka mwisho.

"Si mikono yako, baba," alisema. "Sukari ikikaa juu muda mrefu, miguu inakufa ganzi. Mtu anakanyaga msumari na hajui. Hakuna aliyewaeleza?"

"Hakuna."

"Basi nawaeleza leo. Miguu iangaliwe kila siku, nyayo na katikati ya vidole. Asitembee peku. Kabla ya kuvaa kiatu, apitishe mkono ndani. Akipata kidonda, hata kidogo, aje hapa siku hiyohiyo."

"Na akianza kutetemeka?"

"Mpe haraka maji ya sukari au soda ya kawaida, kisha ale. Akizimia, usimtie kitu mdomoni. Mkimbize hospitali."

Fundi aliyarudia maneno yote, moja baada ya jingine. Kisha akauliza, "Tungeyajua haya wakati ule, angepona?"

Nesi aliketi kando yake. "Huenda," alisema.

Fundi akainamisha kichwa, akalia palepale kwenye benchi. Hakuna aliyemnyamazisha.

Walioana bila shamrashamra. Mwezi wa kwanza wa ndoa walialikwa kwa kaka yake Fundi, na chakula kikachelewa. Dobi akaanza kutoka jasho, mikono ikatetemeka. Fundi hakusubiri kuombwa. Alikoroga sukari kwenye maji, akamshikia bilauri mpaka akamaliza. Dobi alipotulia, Fundi akawageukia wenyeji.

"Mke wangu ana sukari," alisema, kila mtu akasikia. "Tafadhalini, chakula chake kitangulie."

Siku hizi Dobi anavaa viatu vipana, laini ndani, alivyoshonewa na mumewe. Jioni anaketi kitandani, na Fundi anakagua miguu yake, kidole kwa kidole. Mpaka sasa haina hata mchubuko. Lakini kuna siku Fundi anafika kwenye kidole kimoja, anakishika, hakiachi upesi. Dobi anajua anamkumbuka nani. Anamngoja amalize.