Majibu ya Wasichana Mia Tatu

Siku ya soko Kakamega, mwaka wa 1967, mwalimu Nekoye aligongana na kijana mmoja katikati ya mafungu ya ndizi. Bahasha aliyokumbatia ikapasuka, karatasi zikamwagika kwenye gauni lake la buluu na chini.

"Pole, mwalimu," kijana alisema, akiinama kuokota. Alikuwa Lazarus, afisa wa ajira aliyezoea kuja shuleni kwao, suruali yake imenyooshwa kwa pasi. Akasoma karatasi moja. "'Nataka kuwa rubani.' Huyu ni msichana?"

"Ni msichana. Nimewauliza mia tatu wanataka kazi gani. Nyinyi maafisa mnawaonyesha njia mbili tu, uuguzi na ualimu."

"Na wewe ulifuata ya pili."

Nekoye akacheka bila kupenda.

Kwa miezi mitatu, kila Jumamosi, walipanga majibu pamoja kwa chai na njugu. Ripoti ilipokamilika, tayari walikuwa wakiitana mpenzi. Lazarus akaipeleka Nairobi, kwenye mkutano wa washauri wa kazi.

Gazeti likaiita ripoti ya Lazarus. Jina la Nekoye halikuwemo. Alilia, kisha barua za Lazarus akazirudisha bila kuzifungua.

Siku ya nne tangu gazeti litoke, mwalimu mkuu wake, Bi Sellah, alimwita kwenye simu.

"Usikate, mpenzi," Lazarus alisema. "Niliwaambia kazi ni yako. Hawakuamini, na gazeti likaandika lilivyotaka. Nimewabishia mpaka wamekubali uje uwajibu mwenyewe Ijumaa."

"Nitakuja. Lakini nitasema mwenyewe."

"Mimi nitakaa nyuma kabisa."

Ijumaa, huko Nairobi, alisimama mbele ya wanaume arobaini wenye makoti, akawasomea majibu ya wasichana. Mmoja akauliza, "Hawa wakiolewa, mafunzo si yatapotea?"

"Wavulana nao huoa, bwana. Mbona yao hayapotei?"

Ukumbi ukacheka, kisha ukapiga makofi. Kufikia adhuhuri walikuwa wameamua Nekoye aongoze uchunguzi huo katika shule zote za Mkoa wa Magharibi.

Nje, Lazarus alimkaribia taratibu. "Sasa wewe ni mkubwa, naogopa hata kukuposa."

"Mwoga hataoa kwetu."

"Nekoye, nioe nani kama si wewe?"

"Basi nenda kwetu Likuyani ukamwone baba. Umwambie pia kwamba kazi siachi."

"Hilo nitalisema kwanza."

Nekoye akamshika mkono mchana kweupe, mbele ya makoti yote arobaini, wakateremka ngazi.