Kibao cha Kwenda Maporomokoni

Kila Jumamosi asubuhi Chiriku alimsaidia mama yake kupanga vikapu kwenye kibanda chao, kando ya njia ya chini. Waliomwita Chiriku hawakukosea, maana mdomo wake haukujua kupumzika. Vikapu vya mama vilisukwa vikasukika, ila wateja walikuwa haba. Watalii waliokuja kuona maporomoko ya maji walifuata kibao kilichowaelekeza njia ya juu.

Jumamosi hiyo Chiriku aliamka mapema kuliko jogoo. Alikwenda njia panda, akaking'oa kile kibao, akakigeuza kielekee chini. Akarudi nyumbani akijiona mjanja kuliko sungura.

Kweli, watalii wakateremka kundi zima. Vikapu vikanunuliwa.

"Leo Mungu ametufungulia mlango, mwanangu!" mama alisema kwa furaha. Chiriku akacheka.

Kicheko hakikudumu. Mbele kidogo ya kibanda, penye mawe yenye ukungu wa kijani, bibi mmoja mtalii aliteleza. Alirudishwa kibandani amebebwa, kifundo cha mguu kimevimba.

"Nitawaambia madereva wenzangu wote," dereva wa watalii alifoka. "Maporomoko yapo mengi. Wageni tutawapeleka kwingine!"

Msimamizi wa maporomoko alifika mbio, akamgeukia mjomba wa Chiriku, kiongozi wa watalii aliyekuja naye. "Vibao ni kazi yako. Umenitia hasara. Vua hiyo kofia, nitatafuta mtu mwingine."

"Mzee, jana jioni nilikiacha sawa."

"Kwa hiyo kimejigeuza chenyewe?"

Watu wakacheka. Mjomba akavua kofia yake ya kazi polepole, akainamisha kichwa. Chiriku aliona aibu iliyomchoma kama pilipili machoni. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Mjomba huyu ndiye aliyemnunulia sare ya shule.

"Ni mimi!" alilia. "Mjomba hana kosa. Nilitaka wageni wapite kwa mama."

Mama alijifunika uso kwa mikono miwili. Hilo lilimuumiza Chiriku kuliko kiboko.

Alimsogelea yule bibi, akamwomba radhi huku machozi yakimtiririka, na mjomba akatafsiri. Bibi alimtazama, kisha akasema neno.

"Anauliza," mjomba alisema, "mguu wake ukipona, nani atamwonyesha njia ya kweli?"

"Mimi," Chiriku alijibu bila kuinua macho.

Dereva akashusha pumzi. "Haya. Kibao kikirudi mahali pake, nami nitarudi na wageni."

Msimamizi alimrudishia mjomba kofia yake na kumtaka radhi mbele ya watu wote. Kisha mjomba alimshika Chiriku mkono, wakaenda hadi njia panda, akampa nyundo na misumari.

"Sikiliza, mpwa wangu," alisema. "Mgeni yule hanunui kikapu tu. Analala hoteli anayofanyia kazi shangazi yako, anakula mayai ya jirani, na kodi anayolipa inasaidia kujenga madarasa na hospitali za nchi hii. Asiporudi, si mama yako peke yake atakayekosa. Na wageni hawaletwi na maporomoko tu, huletwa na uaminifu wetu. Njia ya mwongo ni fupi."

"Tena ina utelezi, mjomba," Chiriku alinong'ona, akapigilia msumari wa kwanza.