Siku Niliyomkana Bukuru

Mwaka ule wa vita vya Kagera nilikuwa darasa la tano. Kila asubuhi nilikuwa nateka maji bondeni, nafagia uwanja, kisha nashika jembe na daftari kwenda shule, maana tulianza na shamba la shule kabla ya hesabu. Baba alikuwa mgambo, amekwenda vitani na wenzake. Nyumbani tulibaki mimi na mama yangu, Domisiana.

Shuleni Bugarama jina langu lilikuwa Eustakia. Jina la nyumbani ni Butoyi. Kwetu Wahangaza, pacha anayetangulia kuzaliwa huitwa Bukuru, anayefuata huitwa Butoyi. Kwa hiyo ukisema unaitwa Butoyi, mtu atakuuliza, Bukuru wako yuko wapi? Tulipokuwa tunakaa Keza niliulizwa hivyo kila siku. Bukuru wetu hakufa. Tulipozaliwa mama aliugua sana, maziwa yakakauka, naye Bukuru akabaki ngozi na mifupa. Muuguzi mmoja wa Kizungu na mumewe wakamchukua wamlee, wakaenda naye kwao Uholanzi. Basi operesheni ya vijiji ilipotuhamishia Bugarama, nilimwomba mama asiniite Butoyi mbele ya watu. Akakubali.

Jumatatu moja, Mwalimu Modestus alisimama mbele ya mstari ameshika barua.

"Shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba. Sikilizeni. Barua hii imeletwa na padre. Huko Ulaya yuko msichana wa miaka kumi na miwili, anatafuta mama aliyemzaa na pacha wake. Mama aliyemlea ndiye amemwandikia kwa Kiswahili. Yeye ni Bukuru, mwenzake ni Butoyi. Walikuwa Keza, lakini watu wengi wa huko walihamishwa. Nani anamjua Butoyi?"

Kabla sijafungua mdomo, Josefina aliyesimama nyuma yangu akanong'ona, "Mama gani huyo, anagawa mtoto kama mtoto wa mbwa? Labda walimpa sukari!"

Sukari ilikuwa imeadimika siku hizo. Mstari wetu wote ukaangua kicheko. Nami nilicheka.

"Hakuna anayemjua?" mwalimu akauliza.

"Hakuna, mwalimu," nikaitikia pamoja na wenzangu.

"Haya. Alhamisi padre anapita, nitamwambia hawakupatikana. Mtoto wa watu aache kusubiri."

Jumatano mchana nilimkuta mama ameketi mkekani, anakata kitambaa cha gauni langu. Alikata kipande kimoja, akakipima juu ya kitambaa kilichobaki, akakata kingine sawasawa na kile. Alifanya hivyo kila niliposhonewa gauni, nami nilikuwa siulizi. Siku hiyo niliuliza.

"Mama, hicho cha pili ni cha nani?"

"Mapacha hawashonewi gauni moja. Akija Bukuru, avae nini?"

Nikaanza kulia. Nikamweleza yote, hata kile kicheko. Mkasi ukabaki wazi mkononi mwake. Nilingoja kofi. Halikuja.

"Kumbe yuko hai?"

"Yuko hai, mama. Anatutafuta."

"Na wewe ulicheka."

"Nilicheka, mama."

Alijifunga khanga akatoka mbio mbio kuelekea kwa mwalimu, nami nikamfuata nyuma nikiangalia visigino vyake tu. Heri angenipiga.

Mwalimu Modestus alishangaa. "Eustakia huyu ndiye Butoyi?"

"Ndiye, mwalimu. Na aliyemtoa Bukuru ni mimi. Nilimtoa apone. Watu walinisema sana, nikanyamaza. Nikakubali hata na majina yao yasitajwe. Huyu kuona haya amejifunza kwangu."

Mwalimu hakunikemea. Alinisogezea karatasi na kalamu, akasema, "Utajibu wewe mwenyewe."

Nikaandika: Bukuru, mimi ni Butoyi. Mama yupo, ni mzima, baba yuko vitani. Nikaweka kalamu chini.

Mwalimu akasoma. "Mbona umeruka Jumatatu?"

Nilitamani ardhi inimeze. "Mwalimu, atanichukia."

Mama ndiye aliyejibu. "Mwanangu, kumtoa mtoto ili apate kuishi si aibu. Nimechelewa kukuambia, hilo ni kosa langu. Aibu ni kusikia ndugu yako anakuita, ukajifanya humjui kwa sababu ya kicheko cha watu. Hiyo umeifanya, na haitoki mpaka uiseme. Bukuru amekaa miaka yote hii hajui ukweli wake. Usimwanzishie udugu kwa kumficha tena."

Nikachukua kalamu. Nikaandika: Walipokuulizia shuleni kwetu, nilisema hatukujui, nikacheka. Naomba unisamehe.

Kesho yake padre aliondoka na barua ile, pamoja na sentensi hiyo.