Chumba Kimoja cha Tovuti Mbili

Asubuhi ile watu walibanana kwenye ukumbi wa uongozi wa soko utadhani kuna kitu kinagawiwa bure. Kilichokuwapo ni tangazo ukutani: kila mwenye karakana awe na tovuti, la sivyo kibanda chake apewe mwingine.

Mseremala mmoja, ambaye soko zima lilimwita Fundi Randa, alilisoma tangazo lile akasonya. Tangu afiwe na mkewe alikuwa hana subira na mtu yeyote aliyekalia kiti cha kuzunguka.

"Choo cha soko hakina maji, wao wanataka tovuti," alisema. "Mtu akishapewa kile kiti, na akili inaanza kuzunguka."

Nyuma yake mtu aliangua kicheko. Akageuka. Alikuwa mwanamke wa makamo, gauni la kijani limemkaa sawasawa, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni, pini mbili zimechomekwa begani. Mshonaji wa mapazia wa upande wa pili wa soko.

"Sema polepole, fundi. Wakubwa wana masikio."

"Wangekuwa nayo, habari za choo zingeshawafikia."

Mama Mapazia akacheka tena. Fundi Randa akaanza kutafuta kofia yake, kumbe iko kichwani.

Wakaishia kwenye benchi nje ya ukumbi, vichwa vimeinamia simu ya mama yule, wakitafuta kampuni ya kuwapangishia tovuti.

"Chukua hii, ndiyo rahisi kuliko zote," Fundi alisema.

"Rahisi, lakini haina paneli."

"Paneli ndiyo nini tena?"

"Ukurasa wa vitufe. Unaingia mwenyewe, unapandisha picha, unafuta, unabadilisha. Bila hiyo, kila ukitengeneza kitanda kipya ukampigie magoti kijana wa kampuni."

"Basi hii ya pili, inayo."

"Inayo, ila haiweki nakala za akiba. Kikiharibika kitu, umekula hasara. Hii ya tatu ina paneli, na kila siku inajiwekea nakala ya akiba."

"Na bei yake je? Wamechanganyikiwa hawa!"

"Inaruhusu tovuti mbili. Tupange pamoja, tugawane kodi."

"Nikae chumba kimoja na mwanamke nisiyemjua?"

"Chumba cha tovuti, fundi. Usijipe moyo."

Lakini moyo alishajipa.

Zikaanza simu. Mara Fundi amuulize nywila aliyoisahau, mara amuulize kama amekula. Mama Mapazia akamtengenezea ukurasa, kisha akamwelekeza jinsi ya kupandisha picha kwa mkono wake mwenyewe. Ya kwanza aliyochagua haikuwa ya kitanda. Ilikuwa ya marehemu mkewe, amekalia kiti cha kwanza alichowahi kutengeneza Fundi.

"Ndiye?" mama aliuliza.

"Ndiye."

Mama Mapazia akaisogeza picha ile juu kabisa, vitanda vikafuata chini.

Wiki hiyohiyo simu ya Fundi, ambayo ndiyo pekee iliyokuwa na picha ile, ikatumbukia kwenye kopo la vanishi. Hakuhuzunika sana. Picha iko kwenye tovuti, alijiambia.

Asubuhi moja akafungua ukurasa wake kwenye simu mpya. Mweupe. Hakuna kitanda wala mke. Akapiga simu kampuni, ikamwambia abonyeze moja, kisha abonyeze mbili, kisha ikampigia muziki mpaka masikio yakamuuma. Waliosababisha yote haya wako ofisini wanazungushwa na viti! Hasira zikamjaa, zikakosa pa kwenda. Akampigia Mama Mapazia.

"Umemfuta."

"Nimemfuta nani, mpenzi?"

"Usiniite mpenzi. Wenye nywila ni wawili tu. Kama marehemu alikuwa anakuuma, si ungesema?"

Upande wa pili cherehani ikanyamaza.

"Mimi ndiye niliyemweka juu, fundi," alisema, akakata.

Siku kadhaa zikapita bila simu. Fundi alichonga miguu ya meza ikawa mifupi, akaichonga tena, ikawa mifupi zaidi. Kila akishika simu aliona picha inayokosekana, na sauti inayokosekana, asijue ipi inamuuma zaidi.

Kisha Mama Mapazia akaingia karakana bila kubisha hodi, gauni la njano, uso umefunga.

"Na yangu imepotea. Wateja ndio wameniambia. Haya, mara ya mwisho uliingia kwenye paneli kufanya nini?"

"Sikufanya kitu. Nilifagia."

"Ulifagia nini?"

"Si unanijua? Sifungi karakana mpaka niondoe maranda yote chini. Jioni ile nikaona mle ndani kumejaa mafaili yenye majina yasiyosomeka, hayana mwenyewe. Nikayafagia."

Mama Mapazia akajishika kichwa.

"Hizo ndizo tovuti zenyewe, baba. Umemfagia mkeo, umenifagia na mimi, halafu ukanipigia simu kunitukana!"

Fundi akakaa juu ya rundo la mbao. "Nisamehe."

"Nyamaza kwanza. Leta simu."

Akaingia kwenye paneli, akatafuta nakala ya akiba ya kabla ya siku ile ya ufagio, akabonyeza kitufe cha kurejesha. Kiduara kikazunguka, kikazunguka. Kisha kikatokea kitambaa cha kichwa, paji la uso, tabasamu, kiti.

Fundi alifuta macho, akasingizia vumbi la mbao.

"Tungechukua ile rahisi uliyoitaka..." mama alianza.

"Ningempoteza mara ya pili. Na wewe ningekukosa." Akainuka, akavuta kiti kipya kutoka pembeni, akakipangusa kwa mkono wa shati. "Kaa hapa. Nataka unioe... nikuoe. Nimekwama hata kuongea."

"Unaniposa katikati ya vumbi, fundi?"

"Ningefagia, lakini naogopa."

Mama akashindwa kujizuia, akacheka, akakaa. Fundi akampiga picha.

"Hii nayo nitaiweka juu," alisema.

"Pembeni ya marehemu. Si juu yake." Akanyoosha mkono apewe simu. "Na utaileta kwangu niipandishe mimi. Nywila naibadilisha leo hii. Wewe kafagie maranda."