Kilichokuwa Kwenye Maji ya Kuku

Wewe unayesoma taratibu, kidole kikifuata mstari, nakutegea kitendawili hiki. Askari wangu hana bunduki wala rungu. Ana malindo mawili. Lindo moja lipo kwenye jicho lako. La pili lipo ndani ya yai. Ni nani huyo?

Umeshindwa? Usijisumbue kunipa mji. Mji mzima nitaulisha nini? Twende tu, jibu tutalikuta njiani.

Palikuwa na muuza mayai mmoja. Mtaa mzima ulimwita Baba Trei, kwa sababu hakuonekana bila trei za mayai mikononi. Banda lake la kuku lilikuwa nyuma ya nyumba, la mbao na wavu wa waya. Kila asubuhi mkewe alifagia kinyesi na kuokota mayai. Kazi moja tu Baba Trei hakumwachia mtu, nayo ni maji. Alijaza ndoo, akachota unga kwenye kopo, akakoroga kwa kijiti. Maji yakawa ya njano.

"Unga gani huo, baba watoto?" mkewe aliwahi kumuuliza.

"Wa kuku."

"Hilo naliona. Unaitwaje?"

"Jina la nini? Una mtoto wa kumpa?"

Mke akacheka, akachukua ufagio wake. Kuku wa majirani waliugua na kulala miguu juu. Wa Baba Trei walitaga. Hiyo ndiyo ilikuwa fahari yake.

Jirani yao alikuwa dada mmoja anayefanya kazi maabara ya hospitali. Alishinda ameinamia hadubini, ile mashine inayokuza vitu visivyoonekana kwa macho. Basi watu wakamwita Hadubini. Siku moja alikuja kununua mayai, wakapiga soga mlangoni.

"Wifi, unajua ndani ya ute mweupe wa yai mna askari?" Hadubini alimwambia mke wa Baba Trei. "Ni protini. Kijidudu kikipenya ganda, askari yule anakitoboa ukuta wake, kinapasuka. Hata kwenye machozi yako yumo. Siku hizi wataalamu wanachunguza protini za namna hiyo. Wanatafuta dawa mpya, maana za zamani zinashindwa."

"Kumbe ninafuga hospitali," mke akasema.

Wakacheka. Hadubini akabeba mayai yake, akaenda. Na wewe jibu lako umelipata.

Haukupita muda, Baba Trei alikuwa akirekebisha wavu wa banda. Waya ukamchana mguu. Alikuwa amevaa kandambili, na kinyesi cha kuku kimemfika vidoleni. Akafuta damu kwa tambara, akaendelea na kazi.

Mguu ukavimba. Mke akakumbuka maneno ya mlangoni. Akavunja yai, akatenga ute, akampaka kidondani na kufunga. Kesho yake akarudia. Na kesho yake tena. Usaha ukaja, kisha harufu. Walipofika hospitali, vidole vilikuwa vimeanza kuwa vyeusi, na homa ilimfanya Baba Trei aite kuku kitandani.

Kitanda cha pili alilazwa fundi viatu, mteja wake wa siku nyingi. Pumu ilikuwa imembana.

"Jirani, wakikata huo mguu, kiatu kitakachobaki niachie mimi," fundi alisema. "Nina mteja wa upande mmoja."

Baba Trei alicheka. Baada ya hapo sikusikia kwamba alicheka tena wodini.

Alichomwa sindano za dawa ya kwanza. Homa haikushuka. Akabadilishiwa dawa. Haikushuka. Daktari akamwita mke pembeni. Akamwambia kwamba wanajiandaa kukata mguu chini ya goti. Akasema pia kwamba vijidudu vikishaenea kwenye damu, hata kukata kunaweza kusisaidie.

Mke akarudi, akakaa sakafuni kando ya kitanda. Ilikuwa saa ya kutazama wagonjwa na wodi imejaa watu. Hadubini akaja na koti lake jeupe.

"Wifi, kile kidonda mlikipaka nini?"

"Yai. Si wewe ulisema lina askari?"

Hadubini akachuchumaa kando yake. "Nilisema. Nikasema nusu, nikaondoka na mayai yangu. Wifi, askari yule amewekwa kulinda yai. Hatoshi kuponya kidonda. Ukipaka yai kidondani, linakuwa chakula cha vijidudu. Na ganda lenyewe limebeba vijidudu vya kinyesi. Mtu akikatwa, kidonda kioshwe kwa maji safi na sabuni, kifunikwe kwa kitambaa safi, aende zahanati siku hiyo hiyo."

"Na hiyo dawa mpya mnayoitafuta?"

"Bado. Kuitoa protini, kuijaribu, kujua kama inaua kijidudu bila kumdhuru mtu, ni kazi ya miaka. Nyingi zinaishia njiani."

"Mume wangu hana miaka."

"Hana," alisema Hadubini.

 Mtu alikohoa, kijiko kikaanguka mahali.

"Usaha wake tunauotesha maabara tujue ni kijidudu gani," Hadubini akaendelea. "Majibu kamili yatachukua siku, na siku hatuna. Ninachoogopa ni usugu. Ukivionjesha vijidudu dawa kidogo kidogo kila siku, vile dhaifu vinakufa. Vile vigumu vinabaki, vinazaana. Ukija kuugua, dawa ile ile haivifanyi kitu. Wifi, vijidudu hivi huenda vimetoka bandani. Kuku wenu wanakunywa nini?"

"Leo nimemwaga maji ya ndoo yote. Nimeosha vyombo, nimewapa maji matupu. Sijui kilikuwa nini, ila moyo wangu umekataa."

"Umefanya vizuri. Kuanzia leo dawa iingie bandani kuku akiugua tu, tena kwa maelekezo ya daktari wa mifugo. Na mayai ya siku za dawa yasiuzwe mpaka aseme tayari. Lakini mimi nataka jina la ile ya zamani. Daktari akilijua, hatapoteza muda kwa dawa za ukoo ule ule."

"Nimeliangalia kopo. Karatasi ameibandua."

Wakamgeukia Baba Trei. Alikuwa macho.

"Kaka, kuku uliwapa nini?"

"Maji."

"Maji gani?"

"Ya bomba."

Macho yake yalikuwa yakizunguka wodini. Fundi viatu alikuwa akimtazama. Muuguzi aliyeshika kipimajoto alikuwa mteja wake. Mama aliyekuja kumtazama mwanawe alikuwa mteja wake. Baba Trei akisema, ikifika jioni hakuna mtaani atakayetia yai lake sufuriani. Banda ndilo lililolisha watoto wake. Hakuwa na kingine.

Mke akaushika ule mguu usio na kidonda, akauweka mapajani.

"Baba watoto, tuache mayai. Nitafua nguo za watu. Lakini siwezi kurudi peke yangu kuwafungulia wale kuku. Sitaweza."

 Jasho lilimtiririka hadi masikioni.

Fundi viatu akakohoa. "Jirani, kama unatuogopa sisi, mimi nageukia ukutani. Sisikii kitu."

Akaanza kujigeuza kwa shida, pumzi ikimlilia kifuani.

"Usigeuke, fundi," alisema Baba Trei. "Na wewe umeyala." Akamtazama Hadubini. "Ni tetrasaiklini. Kila siku, kwa wazima na wagonjwa. Ilipoacha kusaidia, nikaongeza dawa nyingine, sipro. Hakuna yai nililouza mtaani ambalo kuku wake hakunywa hiyo."