Kelele za Gurudumu la Nyuma

Kila alfajiri mzee Shariff wa Bondeni alifunga kikapu cha mikate kwenye baiskeli ya tajiri wake, akashika njia ya Lanet. Binti yake Khadijo, wa miaka kumi na miwili, ndiye aliyeiosha baiskeli hiyo. Iling'aa hata ungeweza kujitazama upate kuchana nywele.

Jumatatu moja gurudumu la nyuma likaanza kusaga: krr, krr, kama mtu anayetafuna changarawe.

"Labda lina njaa, Baba," Khadijo akatania.

Baba hakucheka. "Tajiri amesema nikiendelea kuchelewa, kazi atampa mwingine. Hebu niambie, unaioshea maji gani?"

"Ya bomba, Baba."

Basi wakakaza njiti za gurudumu. Krr. Wakanyoosha madigadi. Krr. Wakapaka mnyororo mafuta. Krr! Jirani yao Kinyanjui akachungulia uani. "Shariff, uza hicho chuma ununue punda. Punda angalau hupumzika kulia."

Kila siku baba alisukuma baiskeli nusu ya njia, na kila siku mikate ilifika imechelewa.

Alhamisi jioni aliipindua baiskeli, akatoa mnyororo na kulizungusha gurudumu. Kelele bado. Akagusisha bisibisi kwenye ekseli, mpini akauweka sikioni.

"Ni gololi za ndani," akasema.

Alipofungua, hakukuta grisi hata chembe. Gololi zilikuwa zimekwaruzika, zimejaa unga mweupe. Akauonja, akatema.

"Magadi ya ziwani! Khadijo?"

Khadijo akainamisha kichwa. "Foleni ya bomba ni ndefu, Baba. Nilikuwa naiosha ziwani. Maji yale yanatoa povu bila sabuni."

"Ndiyo, na grisi pia yanaitoa."

Kinyanjui akaleta gololi za baiskeli yake mbovu. Wakasafisha, wakapaka grisi, gurudumu likazunguka kimya kabisa.

Lakini Ijumaa baba alirudi mapema, kwa miguu. Kwa kuchelewa kule kwa wiki nzima, tajiri alikuwa amemkabidhi kikapu mfanyakazi mpya, Karanja, na baiskeli pamoja nacho.

Khadijo akalia. Baba akaketi kando yake.

"Maji ya ziwa hukujua, sikulaumu. Lakini Jumatatu nilikuuliza. Ungesema kweli, ningelifungua gurudumu siku ileile. Nilihangaika na njiti na madigadi, kumbe jibu unalo wewe. Ukiulizwa, sema kweli, hata kama utachapwa."

"Nisamehe, Baba. Na sasa tutafanyaje?"

Baba akamfuta machozi.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Hilo nalo ni kweli."