Tangi Tupu la Zahanati

Jumanne, tarehe 12 Februari 2019, saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, mashine ya oksijeni ilinyamaza katika zahanati moja ya kijijini, kisiwani Nosy Be. Mvua ilikuwa na siku tano haijakatika, na betri za sola zilikuwa zimeisha chaji. Muuguzi Ansoifa alikimbilia jenereta ya akiba. Ilikohoa mara mbili, ikazimika. Tangi lilikuwa tupu. Hata nusu saa haikutimia, Bi Rabiata, muuza kamba wakavu aliyekuwa akipumua kwa mashine ile, akakata roho.

Inspekta Zoubeida alipofika saa tatu, wanakijiji walikuwa wamekwisha kumfunga kamba mlinzi, Mbaé. Wote walisema ameiuza dizeli kwa wenye boti. Mbaé, mtu wa asili ya Ngazija, alijibu kwa Kikomoro, taratibu, kwamba tangi lilijazwa tarehe mosi mbele ya muuguzi, na tangu hapo jua lilitosha, jenereta haikuwashwa.

Ansoifa aliyathibitisha hayo. Mfuniko aliuziba mwenyewe kwa karatasi yenye mhuri wake, na karatasi ile ilikuwa bado nzima.

Zoubeida akapiga magoti. Chini ya tangi kulikuwa na bolti ya kumwagia mafuta. Nyingine zote zilikuwa na kutu na vumbi. Hiyo ilikuwa safi, yenye alama mpya za spana. Akazunguka nyuma ya banda la jenereta. Majani yalikuwa yamekauka eneo la upana wa mkeka, katikati ya msimu wa mvua, na udongo ulinuka dizeli.

“Mwizi hamwagi alichoiba,” aliwaambia waliomshika Mbaé. “Mfungueni.”

Ufunguo mwingine wa banda alikuwa nao mhandisi Chaher, aliyefunga paneli za sola za zahanati. Ansoifa alikumbuka kwamba alikuja tarehe sita kuzikagua, na kabla ya kuondoka akaomba sabuni, akainawia mpaka ikabaki kipande chembamba.

Alhamisi, saa nne asubuhi, Zoubeida alimkuta ofisini kwake mtaa wa Mangarivotra, mjini Mahajanga.

“Paneli hazina mafuta, bwana mhandisi. Uliosha nini mikononi?”

Chaher akaeleza, bila kupandisha sauti, kwa nini aliimwaga dizeli. Wakaguzi wa mradi wa sola wangekuja mwisho wa mwezi. Zahanati ikimaliza mwezi mzima bila tone la dizeli, vijiji kumi na kimoja vingine vingepewa sola. Alihofu kwamba wingu la kwanza tu lingewafanya waiwashe jenereta, na kazi yote ihesabiwe imeshindwa.

“Habari ya mvua uliisikia lini?”

“Ijumaa, redioni.”

“Ukafanya nini?”

“Nilingoja mbingu zitakate.”

Akasema kwamba katika vijiji vile wanawake bado wanajifungua kwa mwanga wa kibatari, na watoto wanavuta moshi wake tangu siku ya kwanza.

“Hilo najua,” Zoubeida alisema. “Lakini sola hukuipa muda wa kukua. Dizeli ilikuwa ngazi ya Bi Rabiata; ulimnyang’anya kabla hajafika juu, na hukumwambia.”

Akamsogezea karatasi ya maelezo. Chaher akatia saini. Kisha, bila kuombwa, akaanza kuandika chini yake majina ya vile vijiji kumi na kimoja, kimoja kimoja, kwa mwandiko mzuri. Zoubeida akatoa pingu, akazishika mkononi, akamwacha amalize.